Skrini Nne kwenye Sipiyu Ndogo: Maswali ya Wasomaji wa Arusha na Moshi

Ofisi nyingi za huku kwetu zinatumia sipiyu nyembamba za mtumba, zile Dell, HP na Lenovo zilizomaliza muda wake kwenye maofisi ya Ulaya. Ni mashine nzuri: hazili umeme mwingi wala hazijazi meza. Kazi huanza pale mtu anapotaka skrini ya tatu au ya nne.

Fundi, shikamoo. Niko ofisi ya safari, Njiro. Nina HP EliteDesk 800 G2 ile nyembamba, yenye skrini mbili. Nataka nne: barua pepe, ratiba ya magari, vyumba vya hoteli na malipo. Dukani wameniambia nichukue kadi ya grafiki, ile ya kuendeshea skrini, ya GB 8. Ni sawa?

Marahaba. Usitoe hela bado. Hizo GB 8 ni kumbukumbu ya kadi, na anayezihitaji ni mcheza gemu au mhariri wa video. Kwa barua pepe na majedwali, hata kwenye skrini nne, GB 2 zinatosha kabisa. Inaniuma kuona watu wanauziwa kadi kwa GB, kwa sababu kazi ya skrini nyingi inaamuliwa na mambo mengine: kadi ina matundu mangapi ya kuchomekea skrini, ina kimo gani, na inakula wati ngapi.

Anza na ulichonacho. Geuza sipiyu yako nyuma: utaona matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa yako ya Intel inaendesha skrini tatu kwa wakati mmoja bila kadi yoyote. Chomeka ya tatu, fanya kazi wiki nzima, ndipo uamue kama ya nne unaihitaji kweli.

Ukiihitaji, tafuta kadi ya NVIDIA Quadro P620. Ni fupi, ni nyembamba, ina matundu manne ya mini DisplayPort, inakula wati 40, na umeme wote inauchukua kwenye sloti, yaani pale inapochomekwa ndani ya sipiyu. Hilo la umeme ni kubwa kuliko linavyoonekana. Sloti ndefu ya kadi kwa kawaida inaruhusiwa kutoa hadi wati 75, lakini kuna sipiyu nyembamba zinazoruhusu pungufu ya hapo, na pawa saplai zake hazina waya wa ziada wa kulishia kadi. Kadi yenye tundu la umeme ubavuni haikuhusu, hata wakikupa kwa bei ya kutupa.

Jambo moja kuhusu P620: ni ya familia ya Pascal, ambayo NVIDIA imeshaiondoa kwenye draiva mpya na kuibakizia marekebisho ya usalama. Ukikuta T600 kwa nyongeza ndogo, chukua hiyo: matundu manne, wati 40 zilezile. T1000 nayo ina manne, kwa wati 50. P400 na T400 zina matatu, usije ukachanganya. Chenji itakayobaki iweke kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya mashine yenyewe. Ofisi ya safari hufungua kurasa nyingi kwa mpigo, na mashine ya GB 4 itakutesa hata ukiwa na kadi ya namna gani.

Mimi niko Moshi. Nimeagiza kadi Kariakoo, nimeambiwa ni fupi. Imefika, inaingia kwenye sloti, lakini kesi haifungi.

Kadi ni sahihi, bamba ndilo kosa. Kile kibati cha nyuma chenye matundu kina saizi mbili: kirefu cha sentimita 12 na kifupi cha 8. Kadi fupi huuzwa na vyote viwili, ila zile za mtumba mara nyingi kifupi kimeshapotea. Rudi kwa muuzaji umwombe bamba la lo profaili, yaani hicho kifupi, la kadi hiyohiyo, kwa maana bamba la kadi nyingine matundu yake hayatalingana. Usiitumie bila bamba. Kila utakapovuta waya kadi itacheza, na sloti itaharibika. Anayeagiza kwa simu aombe picha ya kadi ikiwa imefungwa bamba fupi kabla ya kutuma pesa.

Nina stationery karibu na stendi ya Moshi. Skrini zangu zote ni za VGA. Kadi ya mini DisplayPort itanifaa?

Itakufaa, kwa adapta. DisplayPort ni dijitali na VGA ni analogi, kwa hiyo adapta lazima iwe na chipu ndani ya kubadilisha mawimbi. Soma ilivyoandikwa: itoke DisplayPort iende VGA. Ile ya kutoka VGA kwenda HDMI ni kitu kingine, haitakufanyia kazi. Piga hesabu ya kadi pamoja na adapta zake zote kabla hujaanza kupatana bei, maana adapta nne zinaweza kukushangaza.

Lakini kwanza zungusha skrini zako uzitazame mgongoni. Dell na HP nyingi za ofisini zina DisplayPort au DVI pembeni ya VGA, na mwenyewe hajui kwa sababu waya aliopewa ulikuwa wa VGA. Ikiwepo, tumia hiyo. Maandishi yatakaa makali zaidi, na wewe unashinda siku nzima unaandika CV za watu.

Nimeweka kadi, matundu ya zamani ya sipiyu yamekufa. Nimeunguza kitu?

Hapana, dada. Mashine nyingi zikiona kadi huzima grafiki ya ndani. Washa ukibonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa Lenovo, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, tafuta sehemu ya video au grafiki, ruhusu skrini za pande zote mbili. Kwenye Dell OptiPlex imeandikwa Multi-Display.

Nimepata kadi ya NVS 510 ya bei chee. Nichukue?

Ina matundu manne na wati 35, kwa hiyo kazi itafanya. Ila ni ya familia ya Kepler, ya 2012, na marekebisho yake ya usalama yaliisha 2024. Kwa kuonyesha orodha ya bei dukani, sawa. Kwa kompyuta inayofanya miamala ya benki, siipendekezi.

Mwanangu anasema kadi ya GT 1030 itaendesha skrini na gemu pia.

Ina matundu mawili tu. Na akiitaka kwa gemu nyepesi, iwe yenye kumbukumbu ya GDDR5. Kuna nyingine ya DDR4 yenye jina lilelile ambayo kumbukumbu yake ina kasi pungufu ya nusu. Kama boksi halisemi, usinunue.

Sipiyu yangu ni ile ndogo kabisa inayofungwa nyuma ya skrini. Kadi ipi inaingia?

Karibu zote za aina hiyo hazina sloti. Tumia matundu yake. Kama yana DisplayPort 1.2 au zaidi, habu ya MST itagawa tundu moja kwa skrini mbili, ila jumla itabaki ileile ambayo prosesa inaruhusu, kwa kawaida tatu. Ukitaka kuvuka hapo, kuna doki za USB za DisplayLink, ambazo zinatosha kwa maandishi ila kwa video hulemea prosesa.