Ulinganifu wa nyuso katika C²: ni 4, 5 au 8?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Mombasa, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu nyuso zenye ulinganifu mwingi katika C², yaani nafasi ya jozi (z, w) za namba changamano. Kwa uso Re w = x² (Re ni sehemu halisi; z = x + iy) nimepata ulinganifu wa vipimo 4 (njia 4 huru za kuusogeza uso juu yake wenyewe), na kwa Re w = |z|² nimepata 5. Ila vitabu vinasema ni uso mmoja, na jibu ni 8. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hujakosea popote. Weka w' = 2w − z², utaona Re w' = 2x² − (x² − y²) = |z|². Kwa hiyo ni uso mmoja, lakini badiliko hilo lina z² ndani yake: ni la holomofiki (lina derivative ya changamano), si la afini (lisilozidi digrii ya kwanza katika z na w). Ile 8 huhesabu ulinganifu wote wa holomofiki. Katika uainishaji wa afini, nyuso zako zinakaa mbalimbali.

Hakiki hivi. Uga wa afini, yaani mwendo mdogo sana wa afini, husogeza z kwa Az + Bw + p, na w kwa Cz + Dw + q: namba 6 changamano, yaani 12 halisi. Ili uga usitoke nje ya uso wa kwanza, sharti ni

Re(Cz + Dw + q) = 2x Re(Az + Bw + p).

Hapa ndipo wengi huteleza. Kwanza weka w = x² + iv (v ni sehemu ya kufikirika ya w), ndipo ulinganishe vizidishi vya x, y na v. Ukilinganisha kabla, unalazimisha mlingano ushike C² nzima, na ule ulinganifu wa kukuza (z kwa t, w kwa t²) unapotea. Utapata B = 0, A halisi, D = 2A, C = 2Re p, Re q = 0. Hayo ni masharti 8; 12 − 8 = 4. Kwenye uso wa pili A haibanwi kuwa halisi, na mzunguko wa z unaongeza moja: 5. Kotekote p na q zinaacha pande 3 huru kwenye asili (z = w = 0), sawa na vipimo vya uso, kwa hiyo zote mbili ni homojenia: nukta yoyote ya uso yaweza kusogezwa hadi nyingine.

Mwanahisabati Mfaransa Élie Cartan alionyesha mwaka 1932 kwamba uso wa C² wenye fomu ya Levi (kipimo cha upindaji wa uso kwa mwelekeo wake wa changamano) isiyo sifuri una ulinganifu wa holomofiki wa vipimo 8, au usiozidi 3. Basi 4 yako peke yake yatosha kuthibitisha 8. Kinyume chake hakishiki: Re w = eˣ una 3 tu kwa afini, ila ukiweka ζ = e^(z/2) unapata Re w = |ζ|², ule ule wa 8.