Vituo viwili, maabara moja: nani alipie huduma za pamoja katika utafiti wa unene na kisukari?

Swali: Ninasimamia maabara ya vipimo vya homoni katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani. Tunahudumia vituo viwili vinavyofadhiliwa na NIDDK (taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa kisukari, mfumo wa chakula na figo) kwa ruzuku za P30, yaani ruzuku za kuendesha huduma za pamoja za kituo, kimoja cha utafiti wa lishe na unene uliopitiliza, kingine cha utafiti wa kisukari. Vyote viwili vinachangia mshahara wa fundi wetu, na baadhi ya watafiti ni wanachama wa kote kuwili. Kila mkurugenzi anataka watafiti wake wapewe punguzo, na ofisi ya fedha inahofia kwamba serikali inalipa gharama moja mara mbili. Bei niipange vipi, na michango ya vituo niigawe vipi? Je, mwisho wa mwaka nikipungukiwa, ninaweza kuhamishia gharama kwenye ruzuku yenye salio?

Jibu: Ndugu msomaji, hofu ya ofisi yenu ya fedha ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Ushauri wangu ni kwamba, kabla hujagawa hata dola moja baina ya vituo, ujue kwanza gharama kamili ya kipimo kimoja, kisha mchango wa kila kituo uonekane kwenye ankara kama punguzo lenye jina lake, usifichwe ndani ya bei. Katika miaka yangu ya kusimamia fedha za maabara za pamoja, matatizo mengi niliyoitwa kuyatatua yalitokana na watu kuanzia mwisho: waliuliza kila kituo kimetoa kiasi gani, halafu wakatafuta bei ya kumridhisha kila mkurugenzi, na ilipofika siku ya ukaguzi hakuna aliyeweza kueleza bei hiyo ilitoka wapi.

Ruzuku ya P30 haikukusudiwa kugharimia utafiti wenyewe, ukiacha miradi midogo ya majaribio na shughuli za mafunzo na mikutano ya kisayansi. Inagharimia huduma ambazo watafiti wenye ruzuku zao wenyewe watazitumia kwa pamoja. Vituo vya kisukari vina mizizi katika sheria ya mwaka 1974 iliyoelekeza serikali ya Marekani kuanzisha vituo vya utafiti na mafunzo ya kisukari, na wazo la kushirikiana vifaa na wataalamu limedumu tangu hapo. Kwa hiyo kila sampuli ya mwanachama inayopita mikononi mwa fundi wenu ina walipaji wawili, yaani kituo kinachochangia maabara na mradi wa mtafiti unaolipia huduma, na mara nyingi fedha zote mbili zinatoka katika hazina ileile ya serikali. Mpango huo ni halali kabisa, mradi kila mmoja alipe sehemu yake tu.

Kanuni ya kuzingatia ni kifungu 200.468 cha kanuni za shirikisho za usimamizi wa ruzuku, zinazotajwa kwa kifupi 2 CFR 200 (sehemu ya 200 katika mkusanyo wa kanuni za serikali ya Marekani). Kifungu hicho kinataka watumiaji watozwe kulingana na matumizi halisi, kwa jedwali la bei lisilobagua kati ya miradi ya serikali na shughuli nyingine za chuo, na bei hizo zilenge kurudisha gharama za huduma tu, bila faida. Bei zinatakiwa kurekebishwa angalau kila baada ya miaka miwili, zikizingatia ziada au upungufu wa kipindi kilichopita. Neno «lisilobagua» huwatisha wasimamizi wengi, wakidhani linakataza punguzo kwa wanachama. Halikatazi. Linakataza bei ya msingi kuwa tofauti bila sababu ya gharama. Punguzo linalolipiwa na fedha halali za kituo ni jambo jingine, na ndiyo maana nasisitiza lionekane.

Tuchukue mfano wa hesabu, wenye tarakimu nilizozichagua ili zigawanyike vizuri. Tuseme huduma ya kupima insulini inagharimu dola 120,000 kwa mwaka ukijumlisha mishahara, vitendanishi (kemikali za kupimia), mkataba wa matengenezo na uchakavu wa mashine, na mnapima sampuli 6,000. Gharama kamili ni dola 20 kwa sampuli, na hiyo ndiyo bei ya msingi kwa mtu yeyote ndani ya chuo. Kituo cha unene kimechangia dola 30,000 za mshahara na wanachama wake wameleta sampuli 3,000. Kituo cha kisukari kimechangia dola 18,000 na wanachama wake wameleta sampuli 1,800. Kila mchango unatosha kumpunguzia mwanachama dola 10 kwa sampuli. Mwanachama atalipa dola 10 kutoka kwenye ruzuku ya mradi wake, na sampuli 1,200 zilizobaki za wasio wanachama zitalipiwa dola 20 kila moja. Ukijumlisha dola 48,000 za wanachama, dola 24,000 za wasio wanachama na dola 48,000 za vituo, unapata dola 120,000 kamili.

Sasa angalia kosa linapoingilia. Tuseme sampuli 600 kati ya hizo ni za watafiti wenye uanachama wa kote kuwili, na mfumo wenu wa ankara unatoa punguzo kwa kila uanachama unaoukuta. Sampuli hizo zitapimwa bure na kuacha pengo la dola 6,000 ambalo hakuna aliyelipangia. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, kwa sababu halionekani kwenye salio: vituo vinalipa dola 48,000 za mshahara moja kwa moja, na maabara bado inawatoza wanachama dola 20 zote, ambazo ndani yake mna mshahara uleule. Hilo ndilo ofisi yenu ya fedha inalolihofia, na wana haki ya kulihofia.

Kwa wanachama wa kote kuwili, uanachama wa mtu usitumike kuamua punguzo, itumike sampuli. Weka kwenye fomu ya kupokelea sampuli sehemu mbili ambazo haziwezi kuachwa wazi: namba ya ruzuku ya mradi utakaolipa, na kituo kimoja tu ambacho kazi hiyo inahusiana nacho. Mtafiti anayefuatilia sukari ya damu kabla na baada ya upasuaji wa kupunguza uzito anaweza kuchagua chochote kati ya viwili kwa haki, ila achague mapema na uchaguzi wake ubaki kwa mradi mzima. Kazi ikiwa haitenganiki kweli, kifungu 200.405 kinaruhusu gharama inayonufaisha miradi zaidi ya mmoja igawanywe kwa uwiano wa manufaa, au kwa msingi mwingine wa busara ulioandikwa pale ambapo uwiano huo hauwezi kujulikana. Ripoti za mwaka za vituo vyote viwili zinaweza kumtaja mtafiti huyo, mradi zieleze wazi kuwa anahesabiwa pande zote mbili. Watu wanaweza kuhesabiwa pande mbili, dola haziwezi.

Mambo mawili madogo kuhusu bei ya msingi. Muda wa fundi kwa vyanzo vyote kwa pamoja hauwezi kuzidi asilimia 100, na kumbukumbu za kazi ndizo zinazothibitisha mgawo, wala si makadirio yaliyoandikwa kwenye maombi ya ruzuku miaka mitatu iliyopita. Na mashine iliyonunuliwa kwa fedha za serikali ya shirikisho haiingizwi kwenye hesabu ya uchakavu, kwa sababu serikali itakuwa imeilipia tena kupitia bei.

Ningependa tukae zaidi kwenye jambo ambalo wakurugenzi hulisahau wanapojadili asilimia, nalo ni mpangilio wa kazi yenyewe. Chukua sahani ya kawaida ya kupimia yenye vishimo 96. Mkondo wa viwango, yaani vimiminika vyenye kiasi kinachojulikana ambavyo sampuli hulinganishwa navyo, wenye nukta nane, kila nukta ikipimwa mara mbili, unakula vishimo 16. Sampuli mbili za udhibiti, zenye majibu yanayojulikana ili kuhakiki kipimo, nazo mara mbili, zinakula vishimo 4. Vinabaki vishimo 76, yaani nafasi ya sampuli 38. Ikiwa seti ya vitendanishi vya sahani moja inagharimu, kwa mfano, dola 380, sahani iliyojaa inakugharimu dola 10 za vitendanishi kwa sampuli. Mtafiti akileta sampuli 10 na kutaka majibu kesho yake, seti ni ileile, vishimo 56 vinabaki vitupu, na kila sampuli inakula dola 38. Niliwahi kusimama katika maabara ambayo mafundi wawili, kila mmoja akilipwa na kituo chake, walikuwa wakipima homoni ileile siku moja, kwa seti zilezile, kila mmoja na sahani iliyojaa nusu. Meza zao zilitazamana. Sahani moja ingewatosha wote wawili, na bado wakurugenzi wao walikuwa wameandikiana barua kwa miezi kadhaa kuhusu nani achangie zaidi.

Kwa hiyo unganisheni foleni kabla ya kuunganisha bajeti. Pangeni siku maalumu ya kupima kila homoni, sampuli za vituo vyote viwili zingoje pamoja kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na anayetaka haraka alipe gharama halisi ya sahani aliyoiacha wazi. Faida haiishii kwenye fedha. Njia tofauti za kupima insulini hutoa matokeo yanayopishana hata kwa damu ileile, kwa hiyo watafiti wa unene na wa kisukari wanaotaka kulinganisha takwimu zao hupata manufaa makubwa wakitumia njia moja, mkono mmoja na viwango vilevile. Hapohapo andikeni nani analipia kipimo kinachorudiwa. Sampuli iliyofika ikiwa nyekundu kwa sababu chembe za damu zimepasuka itatoa insulini ya chini kuliko ilivyo, maana kimeng'enya kinachotoka kwenye chembe hizo huivunja. Kosa ni la waliochukua damu, na mradi wao ndio unaolipa. Sahani ambayo sampuli za udhibiti zimetoka nje ya mipaka ni ya maabara, na gharama hiyo huingia kwenye bei ya wote.

Msichukue bei ya kwa sampuli na kuitumia kwa huduma zinazokula muda wa watu. Kipimo cha klampu, ambacho mtafiti DeFronzo na wenzake walikieleza mwaka 1979, kinahitaji insulini iingie mshipani kwa kiwango kisichobadilika huku sukari ikiongezwa na kurekebishwa ili kiwango chake kwenye damu kisitikisike; kiasi cha sukari kinachohitajika ndicho kinachoonyesha mwili unavyoitikia insulini. Damu hupimwa kila baada ya dakika chache kwa saa kadhaa, na muuguzi haondoki pale. Bei yake ni ya kikao, na mshiriki asipofika asubuhi hiyo, muuguzi ameshalipwa. Wekeni ada ya kikao kilichovunjika, tena muiandike kwenye jedwali la bei ili mtafiti aipangie bajeti tangu mwanzo.

Kabla ya kuanzisha huduma mpya, ulizeni kama tayari ipo mahali pengine. NIDDK ilianzisha mwaka 2001 mtandao wa vituo vya kupima metaboliki ya panya (jinsi miili yao inavyotumia chakula na nishati) hasa kwa sababu si kila chuo kinachomudu vifaa na mikono ya upasuaji inayohitajika. Kulipa bei ya huduma ya wengine mara nne kwa mwaka ni nafuu kuliko kumiliki mashine inayolala miezi minane.

Mtumiaji wa nje, kwa mfano kampuni ya dawa, anaweza kutozwa zaidi ya gharama, lakini asitozwe chini ya bei mnayoitoza miradi ya serikali. Mapato ya huduma katika maabara inayobebwa na P30 yanaweza kuhesabika kuwa mapato ya ruzuku yenyewe, ambayo yana masharti yake ya matumizi na ya kuripotiwa, kwa hiyo ofisi ya ruzuku ishirikishwe kabla ya ankara ya kwanza kutoka.

Kuhusu swali lako la mwisho, jibu ni hapana. Kifungu 200.405 kinasema waziwazi kwamba gharama inayostahili kubebwa na ruzuku moja haihamishiwi ruzuku nyingine ili kuziba upungufu wa fedha. Salio la kituo cha kisukari mwezi wa mwisho haliigeuzi kazi iliyofanywa kwa ajili ya unene kuwa ya kisukari. Unachoweza kufanya ni kusahihisha mgawo uliokosewa, kama fomu za sampuli na kumbukumbu za muda wa fundi zinathibitisha kosa hilo, na usahihishe mapema, kwa maelezo yaliyosainiwa na anayeijua kazi. Upungufu uliobaki baada ya hapo una njia mbili: chuo kiubebe kwa fedha zake, au uingizwe kwenye hesabu ya bei ya kipindi kijacho. Mkifuata njia ya pili, hesabuni sasa athari yake: upungufu wa dola 6,000 kwa sampuli 6,000 unapandisha bei ya msingi kutoka dola 20 hadi 21, na michango ya vituo isipoongezeka, mwanachama atalipa dola 11. Watafiti wanaoandika maombi ya ruzuku mwezi huu wanahitaji kuijua bei hiyo kabla hawajafunga bajeti zao.