Mwenyekiti na Karatasi ya Benki

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miaka 38, niliishia darasa la saba. Wenzangu wa kikundi cha kuanika dagaa hapa Igombe wamenichagua mwenyekiti. Mweka hazina wetu ni binti mwenye diploma. Akisoma taarifa ya benki mimi naitikia kwa kichwa, nasaini. Nijiuzulu, au nikasome QT, ule mtihani wa maarifa kwa tusiopita sekondari?
Mama wa Dagaa, Igombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Usijiuzulu. QT ni njema, kajiandikishe, ila ni safari ndefu na karatasi ya kusaini inakuja mwisho wa mwezi. Anza na hiyo.

Miaka ya 1980 nilikuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha pamba, Ukerewe. Nilisaini hesabu za benki miaka miwili bila kuzielewa. Siku moja mkaguzi akaniuliza hundi tatu ambazo hazijafika benki zimeonyeshwa wapi. Nikamtazama katibu. Hakuna aliyekuwa ameiba hata senti, lakini wanachama waliniona nikimtazama, na tangu hapo wenye swali walipita mlangoni kwangu wakaenda kwake. Ikabidi na mimi niende, jioni, na daftari la kaunta kwapani. Kijana wa kumzaa! Alinifundisha wiki tatu.

Na aibu ile sikuirithi nyumbani. Mwaka 1971, Ukerewe ikiwa kati ya wilaya sita ambazo Mwalimu Nyerere alitaka zifute ujinga wa kutojua kusoma, mama yangu aliingia kisomo akiwa na wajukuu. Kitu cha kwanza alichokisoma nje ya darasa ni kilo kwenye risiti yake ya pamba. Akamrudisha karani kwenye mizani. (Karani hakumsalimia tena msimu mzima.)

Sasa wewe. Mbalamwezi ikiingia, dagaa hawafuati taa, chanja zinabaki tupu, mna nafasi. Mwombe binti akueleze mstari kwa mstari: makato haya ya nini, nani alitoa fedha tarehe hii, mbona salio la benki halilingani na la daftari letu. Muulize mbele ya wenzako, si chemba. Nao wajue, naye azoee kuulizwa. Akinuna, hilo nalo ni jibu. Mwezi wa pili soma wewe, yeye asahihishe.

Mkishaielewa taarifa hiyo, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulizie mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake inayotengewa vikundi. Karatasi ya mwezi huu usiisaini kabla hamjafika mstari wa mwisho.