Shamba moja la korosho, ramani tatu

Ndugu, umeuliza kwa nini shamba la korosho la mzee wako kule Newala ni nukta katika ramani moja, umbo lenye mipaka katika nyingine, na miraba ya kijani katika ya tatu. Zote zinaweza kuwa sahihi, kwa sababu kompyuta hailijui shamba; inazijua namba tulizochagua kulieleza.

Nililielewa hilo baada ya kukosea. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuorodhesha mashamba katika uwanda wa Makonde, nasi tuliagizwa kuchukua nukta moja kwa kila mkulima. Kwa kuwa wengi walikuwa wakiishi kijijini na kulima mbali, tuliichukua nukta mlangoni kwa mtu, kisha tukaiambatanisha katika jedwali na jina lake na idadi ya mikorosho. Tulipoulizwa mashamba yapi yanapakana na yapi yameshuka bondeni, hatukuwa na jibu, maana nukta haina eneo wala jirani. Ilitubidi kurudi na kuzunguka kila shamba kwa miguu, tukirekodi kona baada ya kona hadi ya mwisho ilipoungana na ya kwanza na kufanya poligoni, yaani lile umbo lenye mipaka.

Miraba ya kijani ni rasta, yaani picha iliyofanywa kwa miraba midogo iitwayo pikseli, kila mmoja ukiwa na thamani moja. Picha za setilaiti za Landsat huigawa ardhi katika pikseli za mita 30 kwa 30, hivyo ekari moja haifikishi hata pikseli 5, na mkorosho, muhogo ulio kando yake na njia ya miguu huweza kuchanganyika katika thamani moja. Kwa shamba dogo hilo ni pungufu kubwa. Kwa mikoko ya Msimbati, hata hivyo, naiamini rasta zaidi, kwa sababu poligoni hulazimisha ukingo mmoja mahali ambapo maji hupwa na kujaa kila siku.

Jambo la mwisho, na naomba ulizingatie kabla mzee hajagombana na jirani: ikiwa umbo la shamba limekaa kama mita 300 pembeni ya picha, huenda mpaka haujasogezwa na mtu. Ramani zetu za zamani zilipimwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia mfumo mwingine, WGS 84, na koodineti (namba za kuonyesha mahali) zilezile huangukia mahali tofauti katika mifumo hiyo miwili. Fungua sifa za kila tabaka la ramani katika programu yako, utazame ni mfumo upi umeandikwa.