Kabla hujaandika operator init: kwa wageni wa Vault

Vault ni programu ya kutunza siri za mifumo, kama nywila na tokeni. Vijana mnaokuja kukaa kwenye seva hapa Tanga mna bidii, na nawapenda kwa hilo. Ila kila kundi linarudia makosa ya kundi lililotangulia, tena kwa mpangilio uleule. Inachosha kuangalia. Nachukulia kwamba systemd, chmod na vyeti vya TLS mnavijua, sitarudi huko.

1. `vault server -dev` ni ya kujifunzia, basi. Kila kitu kinakaa kwenye RAM, hakuna TLS, tokeni ya root (kibali chenye mamlaka yote) unapewa papo hapo, na ukibonyeza Ctrl+C siri zote zimekwenda. Weka `export VAULT_ADDR='http://127.0.0.1:8200'`, la sivyo amri zako zitatafuta https na kugoma. Na `secret/` unayoikuta humo tayari, kwenye seva halisi haipo. Unaiwasha mwenyewe: `vault secrets enable -path=secret kv-v2`.

2. Kwenye `/etc/vault.d/vault.hcl`, ukichagua hifadhi ya raft (ya Vault yenyewe, inayonakili data kati ya seva), lazima uandike `cluster_addr` (bandari 8201) pamoja na `api_addr` (8200). Folda ya data iwepo kabla, Vault haikuundii. Weka `disable_mlock = true`, kisha zima swap kwa `swapoff -a` na uiondoe kwenye `/etc/fstab`, maana bila mlock siri zinaweza kuandikwa kwenye diski kupitia swap.

Hapa kuna mtego mnaoupenda mno. Mnaanza kwa `sudo vault server -config=...` ili "kuona kama inakubali". Inakubali. Mnaizima, mnaiwasha kwa `systemctl start vault`, inakataa: permission denied. Sababu ni kwamba ile mara ya kwanza mafaili ndani ya `/opt/vault/data` yaliundwa na root, na huduma inaendeshwa na mtumiaji vault. `chown -R vault:vault /opt/vault/data`, imekwisha. Msianze kusakinisha upya mfumo mzima, jamani.

Kuhusu cheti: jina au IP unayoitumia kwenye VAULT_ADDR iwemo ndani ya SAN (orodha ya majina ya cheti), na cheti cha mtoaji kielekezwe kwa `VAULT_CACERT`. Atakayeandika `-tls-skip-verify` ndani ya skripti ya kazini tutazungumza.

3. Sasa lenyewe. Ukiandika `vault operator init`, skrini inakuletea mistari mitano, Unseal Key 1 hadi Unseal Key 5 (funguo za kufungulia Vault iliyofungwa), halafu Initial Root Token inayoanza na `hvs.` Mistari hiyo inaonyeshwa mara moja tu. Vault haihifadhi nakala yake popote, na hakuna amri ya kuiomba tena.

Kila mgeni hufanya moja kati ya mawili. Wa kwanza huandika `vault operator init > funguo.txt` na kuliacha faili hilo kwenye home ya seva ileile. Maana yake, aliyeingia kwenye seva amepata data iliyofichwa na funguo za kuifichua, vyote mahali pamoja. Wa pili husoma, hufurahi, hufuta skrini kwa `clear`, na kuendelea na kazi kwa tokeni ya root aliyoinakili. Huyu wa pili ndiye anayeniumiza zaidi, kwa sababu haoni tatizo lolote. Seva iko wazi, siri zinaingia, programu zinasoma, wiki zinapita. Siku umeme ukikatika na UPS ikachoka, seva inawaka tena, na `vault status` inaonyesha Sealed: true, Unseal Progress: 0/3. Vault ikizimwa na kuwashwa inarudi imefungwa, kila mara. Hapo sasa anatafuta funguo.

Elewa kinachoendelea ndani. Data imesimbwa, na ufunguo wa juu umegawanywa vipande vitano kwa njia ya Shamir aliyoichapisha mwaka 1979. Vipande vitatu vyovyote vinaurudisha, viwili havikupi chochote, hata nusu yake. Waliotengeneza programu hawana mlango wa nyuma. Nakala ya `vault operator raft snapshot save` haikuokoi, kwa kuwa ukiirejesha inadai funguo zilezile. `vault operator rekey` nayo inadai vipande vitatu vya zamani kabla ya kutoa vipya.

Kwa hiyo ukigundua funguo zimepotea na seva bado iko wazi, usiiguse. Usiipandishe toleo, usiwashe upya chochote. Simamisha seva mpya pembeni, soma siri moja moja kwa tokeni uliyonayo uzihamishie huko, kisha uzielekeze programu. Ikishafungwa, kazi inabaki kwenda kwenye kila hifadhidata na kila huduma kubadilisha nywila kwa mkono.

Njia ya kufanya ni hii. Wachague watu watano kabla ya init, kila mmoja awe na ufunguo wake wa PGP (wa kusimba ujumbe ausome mwenyewe tu). Endesha `vault operator init -key-shares=5 -key-threshold=3` ukiongeza `-pgp-keys` yenye mafaili matano kwa mpangilio. Kinachotoka kimesimbwa, kila kipande kinasomwa na mwenyewe tu kwa `base64 --decode` na `gpg -d`. Wakati wa kufungua, kila mmoja yuko kwake, mmoja Chumbageni, mwingine Muheza, anaandika `vault operator unseal` bila kitu mbele yake na kubandika kipande pale kinapoulizwa, kisionekane wala kubaki kwenye historia. Progress inapanda 1/3, 2/3, kisha Sealed: false. Ukiwa na nodi tatu (seva tatu za Vault moja), zote tatu zinafunguliwa, kila moja peke yake. Na watano wale wasiwe watu wa harusi moja: wote wakiwa Pangani siku moja na simu zimezimwa, hamna Vault. Mmoja akiacha kazi, fanya rekey wiki hiyohiyo.

4. Tokeni ya root haina muda wa kwisha. Itumie kuwasha auth (njia za kuingia), sera (nani anaruswa nini) na ukaguzi (kumbukumbu ya kila ombi), kisha `vault token revoke`. Ikihitajika tena, vipande vitatu vinatengeneza nyingine kwa `vault operator generate-root`. Tokeni za programu ndizo ziwe za Tanga yetu, waja leo waondoka leo: muda usiowekwa unakuwa saa 768, yaani siku 32, na programu nyingi hazihitaji hata saa moja.

5. Mkipata 403 (umekataliwa) kwenye KV v2, ile hifadhi ya siri mliyoiwasha kwa `kv-v2`, angalieni sera kwanza. Amri inasema `secret/duka`, lakini sera inataka `secret/data/duka`, na kuorodhesha ni `secret/metadata/`. Karibu kila mara ni hilo.

6. `vault kv put secret/duka nywila=...` inabaki kwenye historia ya bash. Andika `nywila=-` na uilishe thamani kwa stdin.

7. Washa ukaguzi siku ya kwanza, tena mara mbili, sehemu mbili tofauti. Ukiwa na faili moja tu na diski ikajaa, Vault inaacha kujibu maombi, kwa sababu haikubali kufanya kazi isiyoweza kuandikwa. Mtaona programu zote zimekwama na mtalaumu mtandao. Angalieni `df -h`. Logrotate (programu ya kuzungusha mafaili ya kumbukumbu) izungushe faili na kutuma SIGHUP (ishara ya kulifungua faili upya) baadaye, bila hivyo Vault itaendelea kuandika kwenye faili la zamani lililokwishahamishwa.