Jibu: Kufunga stendi ya kompyuta kwenye gari la polisi lenye eabegi
Mkuu, umeuliza kama stendi ya kompyuta inaweza kukaa juu ya dashibodi, upande wa abiria. Tafadhali usifunge hapo. Eabegi, yaani mfuko wa hewa unaomkinga mtu gari linapogonga, hufumuka kufumba na kufumbua, kwa kasi inayoweza kufika kilomita 300 kwa saa, na chochote kilicho mbele yake kitamrukia askari usoni. Sogeza siti mbele kabisa, kaa, halafu nyosha mkono uone stendi ingekaa wapi mbele yako. Watengenezaji wa magari ya polisi hutoa mchoro wa maeneo yasiyoguswa, yaani yasiyofungwa kitu ili eabegi ifumuke bila kizuizi. Fuata huo, usikadirie kwa macho.

Wengi husahau eabegi za pazia zinazoshuka kutoka darini pembeni. Kizuizi cha mahabusu au rafu ya bunduki visizizibie njia.

Kabla ya kugusa waya, zima gari, chomoa waya wa hasi wa betri, usubiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme wa kufumua eabegi) hubaki na chaji. Soketi za njano, ambazo ndizo za nyaya za eabegi, usizipime kwa taa ya majaribio wala usichukue umeme humo. Magari mengi huficha kompyuta ndogo inayoongoza eabegi chini ya konsoli ya katikati, kwa hiyo usitoboe kabla hujafunua zulia ukaona kilichopo.