Makabati ya jiko la nje Mombasa: ogopa chumvi kuliko mvua

Wengi wanaoniuliza kuhusu jiko la uani huanza na mvua. Makabati yatanyeshewa, wafanyeje? Masika yetu ni makubwa kweli, hasa mwezi wa Mei, lakini mvua hupita na jua likakausha. Chumvi haipiti. Kusi ikishaanza kuvuma, huku kwetu Bamburi ukipitisha kidole juu ya kaunta alfajiri utakuta utando unaonata, na ukiulamba ni chumvi tupu. Chumvi hiyo hufyonza unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma hubaki na majimaji hata siku ambayo halijaanguka tone.

Wala usidhani paa la makuti litakuokoa. Mlango unaopigwa na mvua huoshwa na mvua hiyo hiyo. Kilicho chini ya paa hakioshwi na kitu: mgongo wa bawaba, reli za droo, ukingo wa chini wa kaunta. Huko ndiko kutu huanzia. Ndiyo maana nikienda kutazama jiko la mtu sishughuliki na uso wa kabati. Nafungua mlango nikachungulia skrubu.

Ushauri wangu wa kwanza, na huu nausimamia popote: mwili wa kabati ujengwe kwa mawe. Matofali ya matumbawe au bloku za simenti, slabu ya zege juu, lipu laini au vigae ndani. Mchwa hali, moto hauli, na fundi wa kuijenga yuko kila mtaa. Angalia mambo mawili tu. Mchanga usiwe wa ufuoni, kwa sababu chumvi yake itaingia kwenye slabu na kuila nondo. Nondo ikishika kutu hufura na kupasua zege kutoka ndani. Halafu sakafu ya ndani ya kabati iinuke kidogo kuliko ya uani, iinamie nje, ili ukiosha maji yatoke yenyewe. Ukijenga hivi, fedha uliyookoa inabaki kwa milango na bawaba, na hapo usibane mkono.

Kwa milango mimi napenda mbao. Msaji ni bora kuliko zote: una mafuta yake ya asili, hauchezi sana na unyevu, na watu wa bahari wameutumia kwenye vyombo vyao tangu zamani. Mvule na mbambakofi pia ni migumu na hustahimili wadudu, ila mvule wa kweli umekuwa adimu na bei yake ni ya kuuma. Mwambie seremala mlango auunde kwa vibao vilivyoachana kidogo ili upepo upite ndani, na kati ya mlango na ukuta aache nafasi ya milimita tatu hivi, maana mbao itavimba wakati wa masika. Atataka kupaka vanishi kwa sababu inang'aa siku ya kukabidhi kazi. Mwombe mafuta ya mbao badala yake. Jua la kaskazi hupasua vanishi, maji huingia chini yake, na baadaye lazima uikwangue yote kwa msasa. Mafuta unapaka tena kwa kitambaa, basi.

MDF na chipibodi, yaani mbao za unga au vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, zisikaribie uani. Hata ile MDF ya kijani inayosifiwa kuvumilia unyevu imetengenezwa kwa ajili ya ndani ya nyumba. Plaiwudi ya baharini, ile ya matabaka yaliyogandishwa kwa gundi isiyoachia maji, ni habari nyingine, ila si kila inayoitwa hivyo dukani ni ya kweli. Omba kipande, kichemshe saa kadhaa, kisha ukitazame ubavuni: matabaka yakianza kuachana, mrudishie mwenyewe. Na hata iliyo safi huingiza maji kupitia kingo zilizokatwa, kwa hiyo kila ukingo uzibwe kwa gundi ya epoksi kabla ya kufungwa.

Kuna pia plastiki nzito ya HDPE, jamaa ya mabomba meusi ya maji. Haiozi, haishiki kutu, mchwa hawana habari nayo. Hakikisha ni ile iliyotiwa kinga ya jua, na uiweke mbali na jiko la makaa, kwani huyeyuka kwenye joto la nyuzi 130 hivi. Alumini iliyopakwa rangi ya unga, ile inayonyunyizwa kavu na kuokwa kiwandani, nayo hufaa, lakini ikifungwa kwa skrubu za chuma kingine bila washa (viduara vya kukalia skrubu) za plastiki katikati, chumvi itawagombanisha na alumini ndiyo itakayolika.

Sasa bawaba na skrubu. Ukienda dukani beba sumaku ndogo. Muuzaji atakwambia, "Mama, hizi ni stenlesi orijino." Mjibu kwa upole, kisha gusisha sumaku. Ikinasa kwa nguvu, hiyo si stenlesi ya kustahimili pwani, au ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Isiponasa, bado hujamaliza, kwa kuwa stenlesi zina daraja zake kwa namba, na sumaku haitofautishi 304 na 316. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari tafuta 316. Ina madini ya molibdeni, nayo ndiyo inayoizuia chumvi isitoboe. Taka namba hiyo iandikwe kwenye risiti. Ile 304 itakaa, lakini itaota madoa ya rangi ya chai. Zote mbili zinataka kufutwa mara kwa mara kwa maji matamu, si ya kisima cha chumvi kama vingi vya hapa mjini, na zisisuguliwe kwa sugio la chuma, maana chembe zake hubaki na kushika kutu.

Droo punguza kadiri uwezavyo. Reli zake ndizo hufa mapema, na sufuria za pilau hazihitaji droo.

Kabati la mtungi wa gesi liache na matundu chini kabisa, usawa wa sakafu, yanayotokea nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini, na matundu ya juu peke yake hayaitoi. Najua watu huziba huko kwa kuogopa panya. Weka wavu wa stenlesi, matundu yabaki wazi.